Duara la Chembe Yenye Chaji Lina Sura Ngapi?

Chembe yenye chaji ikiingia kwenye uga wa sumaku ulio sawa kila mahali, huzunguka duara. Aliyesoma fizikia ya sekondari analijua hilo. Ananyoosha vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kimoja kwa uga, kimoja kwa mkondo, kimoja kwa kani, na anaona kwamba kani iko pembeni mwa mwendo wakati wote. Inaigeuza chembe bila kuiongezea kasi wala kuipunguzia. Maelezo yanaishia hapo, na mtihani nao unaishia hapo.

Ugumu unaanza pale mtihani unapokoma. Kani ya sumaku huishika chembe inayokwenda tu. Iliyotulia haiguswi na sumaku hata kidogo. Sasa mtu akisafiri sambamba na chembe, kwa kasi ileile na upande uleule, kwake yeye chembe imetulia. Kwake basi hakuna kani ya sumaku. Lakini chembe inakata kona vilevile, na msafiri anaishuhudia ikimwacha na kuelekea pembeni. Nini kinaivuta?

Jibu fupi ni umeme. Uga ambao mtu wa maabara anaupima kuwa sumaku tupu, msafiri anaupima kuwa na umeme ndani yake. Jibu hilo ni sahihi, ila likitolewa hivi hivi linafanana na kiinimacho: umeme umetoka wapi, wakati hakuna aliyeleta betri? Nimeona wanafunzi wazuri wakilikariri bila kuliamini, na siwalaumu. Tulifuate taratibu, kwa kutumia chembe moja halisi iliyozungushwa kwenye pete moja halisi.

Pete ya Fermilab

Kuanzia 2018 hadi 2023, maabara ya Fermilab iliyoko Batavia, jimbo la Illinois nchini Marekani, ilizungusha muoni ndani ya pete ya sumaku. Koili za pete hiyo, zenye kipenyo cha mita 15 hivi, zilisafirishwa nzimanzima mwaka 2013 kutoka maabara ya Brookhaven, New York, kwa tishari baharini na mitoni na kwa lori barabarani.

Muoni ni ndugu mzito wa elektroni. Ukubwa wa chaji yake ni uleule, tungamo lake ni takriban mara 207, na haidumu: ikiwa imetulia, huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2, yaani sekunde 2.2 zilizogawanywa kwa milioni, kisha huoza. Muoni za Fermilab zilikuwa na chaji chanya. Zilizunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 7.112, katika uga wa sumaku wa tesla 1.45 (tesla ni kizio cha uga huo), kwa asilimia 99.94 ya kasi ya mwanga. Duara moja lilichukua nanosekunde 149, yaani sekunde 149 zilizogawanywa kwa bilioni.

Kwa mhandisi aliyesimama sakafuni, hesabu ni nyepesi. Nusu kipenyo ni momentamu ikigawanywa kwa zao la chaji na uga. Hakuna uga wa umeme wa kuzungumzia katika hesabu hiyo, kasi haibadiliki, nishati haibadiliki, na kani inaelekea kitovuni daima. Hii ndiyo fremu ya maabara. Fremu ya marejeo, au fremu kwa kifupi, ni mahali na mwendo ambao mtazamaji anaufanya kuwa msingi wa vipimo vyake: rula zake na saa zake zinakwenda pamoja naye.

Mpita njia

Kabla ya kuikimbilia muoni, tuanze na chembe inayokwenda polepole, ili nadharia ya uhusianifu, ile ya Einstein kuhusu mwendo wa kasi kubwa, isituchanganye mapema. Chukua baiskeli, paka alama ya chokaa kwenye tairi. Anayeiendesha akilitazama gurudumu anaona alama ikizunguka ekseli, duara safi. Aliyesimama kando ya barabara anaona kitu kingine: alama inapanda, inaruka mbele kwa upinde mrefu, inashuka hadi kwenye lami, inasimama hapo kitambo kisichopimika, halafu inapanda tena. Njia yake ni mfululizo wa matao yenye ncha kali chini. Kileleni, alama inakwenda kwa kasi maradufu ya baiskeli. Kwenye ncha, kasi yake ni sifuri.

Chembe yetu nayo ni vivyo hivyo. Maabara inaona duara. Mtu anayepita kando ya maabara kwa kasi sawa na ya chembe anaona matao yenye ncha. Akipita kwa kasi ndogo kuliko hiyo, ncha zinageuka kuwa vitanzi. Akipita kwa kasi kubwa zaidi, vitanzi na ncha vyote vinapotea na kubaki mawimbi. Akisafiri sambamba na mistari ya uga wenyewe, anaona chembe ikizunguka kama skrubu. Hapa pa mwisho hapana fumbo, kwa sababu mwendo wa kufuata mistari ya uga hauleti umeme wowote.

Fumbo liko kwenye ncha. Pale mpita njia anaiona chembe imesimama kabisa, kasi sifuri, halafu inaanza kwenda. Sumaku haiwezi kuianzisha. Tazama pia nishati: kileleni mwa tao kasi ni maradufu, kwa hiyo nishati ya mwendo ni mara nne ya ile inayopimwa na maabara, na kwenye ncha ni sifuri. Nishati inapanda na kushuka katika kila tao. Sumaku haifanyi kazi kamwe, maana kani yake iko pembeni mwa mwendo katika fremu yoyote. Anayeongeza nishati na kuichukua tena ni lazima awe uga wa umeme.

Na hesabu inautaja wazi. Kwa mpita njia anayekatiza uga wa sumaku B kwa kasi u, pana uga wa umeme wenye ukubwa wa u mara B, uliosimama wima kwa njia yake na kwa B pia. Uga huo hautofautiani mahali na mahali wala haubadiliki kadiri muda unavyopita. Unaikamata chembe kwenye ncha na kuivuta. Inapoanza kwenda, sumaku inaikunja. Kukunjwa kunaigeuza hadi inakwenda kinyume na uga wa umeme na kupoteza nishati iliyopewa. Inasimama kwenye ncha ya pili, na mambo yanaanza upya. Kani mbili zinashirikiana kuchora matao. Kwa maabara ni kani moja ikichora duara. Wote wawili wanatabiri bila kosa mahali chembe itakapokuwa.

Hendrik Lorentz aliandika kanuni ya kani hizi mbili pamoja mwaka 1895. Miaka kumi baadaye Albert Einstein alianza makala yake ya nadharia ya uhusianifu, iliyopokelewa na jarida la Annalen der Physik tarehe 30 Juni 1905, kwa tatizo la jamii hiihii: sumaku na waya vikisogeleana, mkondo unaopatikana ni uleule bila kujali kipi kimesogea, lakini maelezo ya wakati ule yalitaja sababu mbili tofauti kabisa, moja kwa sumaku inayosogea na nyingine kwa waya unaosogea. Hilo lilimkera. Napenda sana kwamba kazi iliyobadilisha maana ya saa na rula haikuanzia kwenye nyota. Ilianzia kwenye sumaku na kipande cha waya, vitu vilivyomo katika kabati la maabara ya shule.

Umeme umetoka wapi?

Turudi kwenye pete. Sumaku yake ina koili za ndani, upande wa kitovu, na koili za nje, na muoni inapita katikati yake. Katika koili za ndani mkondo unakwenda upande mmoja na muoni. Katika za nje unakwenda kinyume. Ni mkondo wa zaidi ya ampea elfu tano.

Waya wenye mkondo una makundi mawili: ioni chanya zilizokaa mahali pake, na elektroni zinazosogea. Kwa mhandisi, nafasi kati ya elektroni na elektroni ni sawa na nafasi kati ya ioni na ioni, hivyo waya hauna chaji. Lakini nadharia ya uhusianifu inasema kitu kinachokwenda hufupika katika uelekeo wa mwendo wake, na kadiri kasi inavyokuwa kubwa ndivyo kufupika kunavyozidi. Kwa msafiri anayekwenda sambamba na muoni, ioni zinarudi nyuma kwa kasi yake yeye. Elektroni za koili ya ndani, ambazo mwendo wake ni kinyume cha mkondo, zinarudi nyuma kwa kasi kubwa zaidi kidogo. Zinasongamana zaidi kuliko ioni. Waya uliokuwa hauna chaji sasa una chaji hasi.

Kwenye koili ya nje mambo yanageuka. Elektroni zinakwenda upande mmoja na msafiri, kwake ziko polepole zaidi kuliko ioni, zinasongamana kidogo kuliko ioni, na waya unaonekana kuwa na chaji chanya. Muoni iko kati ya ukuta chanya ulio nje na ukuta hasi ulio ndani. Yenyewe ina chaji chanya. Itavutwa wapi? Ndani, kuelekea kitovu. Chuma cha sumaku kinachangia kwa njia hiyohiyo kupitia mikondo midogo ya atomi zake.

Hapa watu wawili huuliza maswali mawili mazuri. Wa kwanza anasema elektroni katika waya hujikokota, kasi yake ni ndogo mno, tofauti hiyo ya kufupika inawezaje kuleta kani yoyote? Ni kweli tofauti ni ndogo mno. Lakini idadi ya elektroni ndani ya waya ni kubwa kupita kiasi, na kani ya umeme kati ya chaji ni kali kiasi kwamba hitilafu ndogo kabisa ya uwiano inatosha. Wa pili anasema chaji haiwezi kuzuka tu. Ni kweli pia. Mkondo unaokwenda na msafiri upande huu wa pete lazima urudi kinyume chake upande wa pili, na huko waya uleule unaonekana kuwa na chaji chanya. Jumla inabaki sifuri. Kilichobadilika ni mpangilio, kwa sababu msafiri na mhandisi hawakubaliani kuhusu matukio gani yametokea kwa wakati mmoja, hivyo hata wakihesabu elektroni za kipande kilekile cha waya «sasa hivi», sasa zao ni mbili.

Kasi ya kweli, namba za kweli

Kwa muoni ya Fermilab, kipimo cha uhusianifu kinachoitwa gama, yaani mara ngapi mwendo unarefusha muda, ni 29.3. Katika fremu ambamo muoni imetulia kwa nukta ile, uga wa sumaku unakuwa tesla 42.5 hivi, ambao hauisogezi kwa kuwa imetulia, na uga wa umeme unakuwa volti bilioni 12.7 kwa kila mita. Hewa ya kawaida huanza kupasuka cheche kwenye volti milioni tatu kwa mita. Uga huo, ambao mhandisi hausomi kwenye kifaa chake chochote, ndio unaoikunja muoni.

Msafiri aendelee na mwendo wake mnyoofu, asifuate kona. Muoni itamwacha, itazunguka, na itakapofika upande wa pili wa pete itakuwa inakwenda kinyume chake. Kwake gama ya muoni inapanda kutoka 1 hadi takriban 1,716. Kwa lugha ya nishati, mhandisi anapima elektronivolti bilioni 3.1 zisizobadilika, msafiri anaiona nishati ya muoni ikipanda kutoka elektronivolti milioni 106, ambayo ni tungamo lake tu, hadi elektronivolti bilioni 181, kisha ikishuka tena. Pete yenyewe kwake ni duaradufu jembamba linalomkimbia: kipenyo cha mita 14.2 kimebanwa, katika uelekeo wa mwendo, hadi chini ya nusu mita.

Ukisoma namba hizo unaweza kudhani kwamba kila kitu ni suala la mtazamo. Sivyo, na hapa ndipo maelezo mengi mepesi ya uhusianifu yanapopotosha watu.

Hesabu mizunguko. Muoni iliyotulia huishi mikrosekunde 2.2 kwa wastani. Kama saa yake ingekwenda sawa na ya mhandisi, ingezunguka pete mara 15 hivi kabla ya kuoza. Kwa kuwa mwendo unarefusha muda, mhandisi anaona inaishi mikrosekunde 64, ambazo ni mizunguko 430 hivi. Muoni, kwa saa yake, inaishi mikrosekunde 2.2 zilezile, lakini kwake mzunguko mmoja unachukua nanosekunde 5.1 tu. Gawanya: mizunguko 430 hivi. Wanatofautiana kuhusu urefu wa njia, kuhusu muda, kuhusu jina la kani. Hawatofautiani kuhusu mara ngapi muoni imepita mbele ya kigunduzi, kwa sababu kupita mbele ya kigunduzi ni tukio, na tukio likitokea limetokea kwa wote.

Hili lilipimwa. Maabara ya CERN, Geneva, ilikuwa na pete ya muoni yenye kipenyo cha mita 14, na mwaka 1977 ilichapisha matokeo: umri wa muoni ulirefuka kwa mara 29.3 kama nadharia isemavyo, kwa usahihi wa takriban sehemu moja katika elfu. Kilichonivutia zaidi katika matokeo hayo ni kwamba muoni hizo zilikuwa zikikunjwa kwa mchapuko wa takriban mara bilioni bilioni ya ule wa kitu kinachoanguka duniani, na mchapuko huo haukugusa umri wao hata kidogo zaidi ya kile kinachotokana na kasi. Kukaa katika duara hakukuongeza kitu kwenye saa yao.

Nyuga zenyewe nazo zina kitu ambacho wote wanakubaliana. Chukua mraba wa uga wa sumaku uzidishe kwa mraba wa kasi ya mwanga, toa mraba wa uga wa umeme. Mhandisi, msafiri, mpita njia wa polepole, wote watapata namba moja. Kwa pete yetu namba hiyo ni chanya, na itabaki chanya milele. Matokeo yake ni kwamba hakuna fremu, hata ukimbie vipi, ambamo pete ya Fermilab ina umeme mtupu bila sumaku. Kwa hiyo anayesema «sumaku ni umeme tu ukitazamwa kutoka fremu nyingine» amevuka mpaka. Ni kitu kimoja chenye sehemu mbili, na uwiano wa sehemu hizo ndio unaobadilika, ndani ya mipaka.

Fremu zinazozunguka

Mpaka sasa watazamaji wetu wamekwenda kwa mstari mnyoofu. Tukimweka mtazamaji kwenye jukwaa linalozunguka, sheria za kawaida hazitoshi tena. Zinaongezeka kani ambazo hazitoki kwenye chaji wala sumaku, zinatoka kwenye kuzunguka kwa jukwaa lenyewe.

Jukwaa likiwa na kitovu kimoja na duara la chembe, na likizunguka kwa kasi yake, chembe imetulia moja kwa moja. Aliye jukwaani anasema kuna uvutano wa umeme kuelekea ndani na msukumo wa kuzunguka kuelekea nje, vimetoshana nguvu. Ni rahisi, na mimi sioni kama panafunza mengi.

Kinachofunza ni jukwaa la nusu kasi. Weka mhimili wake juu ya duara lenyewe, sehemu yoyote ya mzingo, na ulizungushe upande mmoja na chembe kwa nusu ya kasi yake ya kuzunguka. Aliye jukwaani ataona nini? Mstari mnyoofu. Chembe inakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, ikipita juu ya mhimili, duara limetoweka kabisa.

Anayesita achukue jiometri ya sekondari: pembe ya kitovuni ni maradufu ya pembe ya kwenye mzingo, zikiwa zimekaa juu ya tao moja. Mstari kutoka mhimili hadi chembe hugeuka kwa nusu ya kasi ambayo mstari kutoka kitovuni hadi chembe hugeuka. Jukwaa linageuka kwa nusu hiyohiyo. Kwa hiyo, kwa aliye jukwaani, chembe iko kwenye uelekeo uleule daima. Kinachobadilika ni umbali tu. Chembe ikimaliza duara moja jukwaa limegeuka nusu, na chembe inatokea upande wa pili wa mhimili. Maduara mawili ni kwenda na kurudi mara moja.

Joseph Larmor alionyesha mwaka 1897 maana ya jambo hili kifizikia: kani moja ya zile za kuzunguka kwa jukwaa, ile inayotegemea kasi ya chembe, ina umbo lilelile la kani ya sumaku. Ukichagua kasi ya jukwaa kuwa nusu, zinafutana. Kinachobaki ni mvuto mdogo kuelekea kwenye mhimili, unaokua kadiri umbali unavyokua. Mwaka mmoja kabla, Pieter Zeeman alikuwa amegundua kwamba mwanga wa sodiamu hubadilika chanzo chake kikiwekwa kati ya sumaku, na hesabu ya Larmor ilieleza kwa nini: ndani ya uga dhaifu, mfumo mzima wa elektroni katika atomi unaonekana kugeuka taratibu kwa kasi hiyo ya nusu, na kwa aliyeko kwenye fremu inayogeuka nayo ni kana kwamba sumaku haipo.

Kuna mtego mwingine wa kuzunguka ambao umuhimu wake haukuonekana hadi 1926. Ili kuifuata muoni kona nzima, unahitaji msururu wa fremu nyoofu, kila moja ikishikana na muoni kwa kitambo kisha kukabidhi kwa inayofuata, iliyoelekea pembeni kidogo. Llewellyn Thomas alionyesha kwamba ukiunganisha miendo miwili isiyo na uelekeo mmoja, nadharia ya uhusianifu inakuachia mgeuko: fremu ya mwisho imejipinda ikilinganishwa na ya kwanza, ingawa hakuna aliyeipinda. Muoni ina spini, mhimili wake wa ndani wenye usumaku, na mgeuko huo wa Thomas huingia moja kwa moja katika mwendo wa spini.

Hapa ndipo hesabu ya fremu ilipoamua ukubwa wa chuma. Ndani ya pete za CERN, Brookhaven na Fermilab palikuwa na mabamba ya umeme ya kuzuia muoni zisitawanyike juu na chini. Kwa muoni inayokimbia, umeme wa mabamba hayo una sehemu ya sumaku, na ungeivuruga spini ambayo ndiyo ilikuwa inapimwa. Lakini uvurugaji huo na mgeuko wa Thomas hufutana katika gama moja tu, 29.3. Gama hiyo inadai momentamu moja, elektronivolti bilioni 3.094 zikigawanywa kwa kasi ya mwanga. Momentamu hiyo pamoja na uga wa tesla 1.45 inadai nusu kipenyo kimoja. Mita 7.112 za pete ile, zile zilizobebwa kwa tishari, zilitoka kwenye hesabu ya jinsi duara linavyoonekana na anayelizunguka.

Njia ya kinyume, juu ya vichwa vyetu

Tumekuwa tukianza na sumaku tupu na kuhamia fremu yenye umeme. Unaweza kwenda kinyume. Ukikuta nyuga mbili pamoja, umeme E na sumaku B zikiwa zimekatizana wima, na umeme usiwe mkali mno, hamia fremu inayokwenda kwa kasi ya E kugawanya kwa B, pembeni mwa zote mbili. Humo umeme umekwisha, na chembe zinazunguka maduara ya kawaida. Ukirudi maabara, kinachoonekana ni maduara yanayosogea: chembe inazunguka huku ikipelekwa. J.J. Thomson alitumia hali ya pekee ya jambo hili mwaka 1897, pale Cambridge: alirekebisha E na B hadi miale ya elektroni ikapita bila kupinda, na E kugawanya kwa B ikampa kasi ya elektroni. Katika fremu inayokwenda na miale hiyo, elektroni zimetulia tu.

Zingatia kwamba chaji na tungamo havimo katika E kugawanya kwa B. Kila chembe, nzito au nyepesi, chanya au hasi, hupelekwa kwa kasi moja upande mmoja, kwa sababu katika fremu ile inayosogea umeme haupo kwa yeyote.

Afrika Mashariki inaishi chini ya mfano mkubwa wa jambo hili. Ikweta ya sumaku ya Dunia hupita Ethiopia, kaskazini mwa ikweta ya ramani. Juu yake, kilomita mia tatu hivi angani, hewa nyembamba ya ionosfia imevunjwa na jua kuwa elektroni na ioni. Mistari ya uga wa Dunia hapo imelala kuelekea kaskazini, uga ukiwa takriban sehemu tatu kwa laki moja za tesla. Mchana upepo wa juu unazalisha uga wa umeme kuelekea mashariki, chini kidogo ya milivolti moja kwa mita. Elektroni huzunguka zaidi ya mara laki nane kwa sekunde katika maduara ya sentimita chache. Ioni za oksijeni huzunguka kinyume, mara 30 hivi kwa sekunde, katika maduara ya mita kadhaa. Hata hivyo zote zinapanda pamoja, mita 20 hadi 30 kwa sekunde, juu moja kwa moja.

Chini zaidi, kwenye kilomita 100, hewa ni nzito kiasi kwamba ioni zinagongwa kabla ya kumaliza duara, hazipati kusogea. Elektroni zinamaliza maduara yake na kupelekwa. Elektroni zikienda peke yake, huo ni mkondo wa umeme, nao huisukuma sindano ya vipima-sumaku vya Addis Ababa kila mchana.

Zile zilizopanda hazikai juu. Uzito unazirudisha, zikiteremka kwa kufuata mistari ya uga, na kujikusanya katika mikanda miwili, kila mmoja nyuzi 15 hivi kutoka ikweta ya sumaku. Mkanda wa kusini hupita juu ya Kenya na Tanzania. Mawimbi ya setilaiti za GPS hucheleweshwa na elektroni hizo, hivyo kipokezi chenye masafa mawili hulinganisha ucheleweshaji wa kila moja na kuuondoa, na chenye masafa moja hukisia. Jua likizama, uga wa mashariki huongezeka ghafla kwa muda mfupi, plazima, yaani mchanganyiko huo wa elektroni na ioni, inapandishwa kwa kasi zaidi, na tabaka la chini yake hupasuka kuwa mapovu matupu yanayopanda. Wimbi linalopita kwenye mapovu hayo humetameta, na kipokezi huanza kupoteza setilaiti moja baada ya nyingine, hasa kati ya machweo na usiku wa manane, katika miezi ya karibu na Machi na Septemba, miaka ambayo jua lina madoa mengi.